NOMA: Simu nyingi katika masafa yaleyale

NOMA ni jina la mbinu za mawasiliano pasiwaya zinazoruhusu simu mbili au zaidi kutumia masafa yaleyale kwa wakati uleule. Mitandao ya 4G na 5G kimsingi hufanya kinyume: kila mteja hukatiwa kipande chake cha masafa na muda, asiingiliane na mwenzake.

Chukua mnara unaohudumia Mbagala, wilayani Temeke. Simu moja iko jirani na mnara, nyingine ndani ya nyumba ya mbali ambako mawimbi hufika yakiwa dhaifu. Mnara hurusha ujumbe wa zote mbili kwa pamoja, ila ule wa mbali huupa nguvu zaidi. Simu ya mbali husoma ujumbe wake na kuuchukulia wa mwenzake kuwa kelele tu. Ya jirani ina kazi kubwa: husoma kwanza usio wake, huuondoa, kisha husoma uliobaki. Hatua hiyo hula betri, na kosa la mwanzo huharibu kinachofuata.

Watafiti wa NTT DOCOMO ya Japani waliieleza mbinu hii mwaka 2013. Shirika la viwango la 3GPP liliichunguza kwa ajili ya 5G, lakini halikuiingiza katika kiwango hicho. Ndiyo maana 5G iliyozinduliwa na Vodacom Tanzania mwaka 2022 haikujengwa juu yake.

Mwaka huohuo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilinadi masafa, yakiwemo ya megahezi 700 na 3500. Masafa ni ghali na hayaongezeki. Kwa hiyo watafiti wa 6G wameirudia NOMA, hasa kwa vifaa vingi vidogo vinavyotuma data chache.