Fundi na Mwanafunzi: Historia ya Maabara Iliyofunguliwa kwa Umma

Maneno sanaa na sayansi naona ni wageni wawili waliotufikia kwa vyombo tofauti. La kwanza lilitoka katika Kiarabu, ambako lilihusu ustadi wa kazi za mikono. La pili likatoka katika Kiingereza. Shuleni tukazidi kuyatenganisha, mkondo huu wa sanaa, ule wa sayansi. Leo nasimulia habari za mtu aliyewakalisha wageni hao chini ya paa moja. Historia yake ni ya Marekani, lakini inatuhusu sisi tunaofanya kazi ya maneno.

Frank Oppenheimer alikuwa mwanafizikia, mdogo wake Robert Oppenheimer aliyeongoza maabara ya Los Alamos, lilikoundwa bomu la atomiki. Frank naye alishiriki kazi hiyo ya siri, na tarehe 16 Julai 1945 alikuwapo katika jangwa la New Mexico bomu la kwanza lilipolipuliwa. Mwaka 1949 alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti. Akalazimika kuacha kazi yake Chuo Kikuu cha Minnesota, na milango ya vyuo vingine ikafungwa. Akahamia Colorado, akawa mfugaji wa ng'ombe.

Mwaka 1957 alirudi darasani, safari hii kufundisha sayansi katika sekondari ya mji mdogo wa Pagosa Springs. Vifaa alivipata jaani: aliwapeleka wanafunzi huko, wakafungua mashine chakavu ili wajionee jinsi zinavyofanya kazi.

Jaa lile naliona kama chimbuko la Exploratorium, aliyoifungua San Francisco mwaka 1969 ndani ya Palace of Fine Arts, jumba lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1915. Humo mgeni hakukatazwa kugusa. Alitakiwa aguse, azungushe, ajaribu tena. Karakana iliwekwa peupe, mafundi wakifanya kazi mbele ya macho ya watu. Vijana wa sekondari ndio waliowaeleza wageni mambo. Wasanii nao walialikwa wachunguze, si wapambe kuta tu. Mmoja wao, Bob Miller, aliuchukua mwanga wa jua, akaupasua kwa miche ya kioo na kuutupa kwenye skrini kwa vioo vidogo, hata mtu akipita kati rangi zikabadilika naye.

Oppenheimer aliamini kwamba msanii na mwanasayansi wana kazi moja ya kwanza, nayo ni kuona kile ambacho wengine wanakipita. Aliamini pia kwamba watu waliokata tamaa ya kuuelewa ulimwengu huwaachia wengine wauamue kwa niaba yao. Kauli hiyo ina uzito ikitoka kwa mtu aliyefanya kazi mahali ambapo maarifa yalilindwa kwa askari na waya.

Hapa ndipo Kiswahili kinaponipa la kusema. Funda, fundi, funza, fundisha na mwanafunzi ni ukoo mmoja. Lugha yetu haikumtenga mwenye ujuzi wa mikono na mwenye kutafuta elimu. Iliwazalisha katika mzizi mmoja. Karakana ile ya peupe ilikuwa ukoo huo umejengewa nyumba.

Oppenheimer alifariki mwaka 1985, na mwaka 2013 Exploratorium ikahamia gatini, Pier 15. Nasi washairi tujiulize: karakana yetu iko wapi? Mara nyingi tunamwonyesha kijana shairi lililokwisha kukamilika, kisha tunalalamika kwamba hajui vina na mizani. Tumwonyeshe pia ubeti uliokatwa, kina kilichokataa na mshororo uliopungua mizani mbili, kisha tumwachie kalamu ajaribu mwenyewe.