Msongamano Usio na Mkosaji

Desturi ya mtu aliyekwama njiani ni kutafuta wa kumlaumu: dereva mzembe, askari wa barabarani, au gari lililoharibika mbele. Lakini mara nyingi foleni hufunguka, naye apitapo haoni ajali wala kizuizi. Historia ya elimu ya hesabu yatueleza sababu.

Mwaka 1955 Waingereza wawili, M. J. Lighthill na G. B. Whitham, walilinganisha mwendo wa magari na mafuriko ya mto. Walionyesha kwamba msongamano ni wimbi, nalo huweza kurudi nyuma ilhali kila gari lililomo laenda mbele. Hata hivyo, maji hayasiti wala hayaogopi. Dereva hufanya yote mawili.

Mwaka 1992, nchini Ujerumani, Kai Nagel na Michael Schreckenberg walikutia kusita huko katika kompyuta. Waliigawa barabara vipande vidogo, kila kipande nafasi ya gari moja. Kila gari lilipewa kanuni: liongeze mwendo, lisiligonge la mbele, na mara mojamoja lipunguze mwendo pasipo sababu. Kanuni hii ya mwisho ilitosha kuzaa foleni. Ilipoondolewa, foleni zinazozuka zenyewe hazikuonekana tena.

Mwaka huohuo Ofer Biham, Alan Middleton na Dov Levine waliunda katika kompyuta mji wa mitaa inayokatana, magari mengine yakienda mashariki, mengine kaskazini, kwa zamu. Yalipokuwa machache yalipita kwa raha. Wingi wao ulipovuka kiasi fulani, mji mzima ulifungana, wala hapakuwa na gari lililovunja sheria.

Wenye shaka walipata jibu mwaka 2008, wataalamu wa Kijapani walipotangaza jaribio lao la magari 22 katika njia ya duara yenye mzunguko wa mita 230. Madereva waliagizwa kushika mwendo mmoja. Muda si muda wimbi la kusimama likazuka, likarudi nyuma.

Haba na haba hujaza kibaba. Jambo hili si la mzaha, kwani foleni humfunga mgonjwa aendaye hospitali pamoja na mtembezi. Basi watawala wa miji wasitosheke na kutoza faini. Dawa ni kupunguza wingi wenyewe, kama Singapore ilivyoanza mwaka 1975 kuwatoza ada wenye magari walioingia katikati ya mji asubuhi, na London ikafuata mwaka 2003 kwa utaratibu wake. Kusita kwa mmoja ni kudogo mno kuhukumiwa. Jumla yake ni kubwa mno kuachwa.