Mizinga ya Mbao ya Kasanga

Kuna watu duniani wanaokusanya bastola zisizoua. Wananunua Luger ya Mjerumani, Mauser C96 yenye mpini wa mviringo kama wa fagio, Webley ya Mwingereza, zote za mfano. Zimeundwa kwa aloi ya zinki, uzito wake unakaribia ule wa zenyewe, unaweza hata kukoki. Risasi tu ndiyo haiingii. Wengine wanajaza kabati zima: rafu ya vita vya kwanza, rafu ya vita vya pili.

Mwanzoni hobi hii ilinichekesha. Huku Kirando, ambako ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ukionekana gatini na kitu chenye umbo la bastola hakuna atakayekuuliza kama ni zinki au chuma. Lakini kiukweli Rukwa yetu ina kisa chake cha silaha za bandia, na hicho kiligusa vita yenyewe.

Ukishuka na ziwa kuelekea kusini unafika Kasanga. Wajerumani waliiita Bismarckburg na wakawa na boma pale. Mwishoni mwa 1915 Waingereza waliingiza ziwani boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa meli hadi Afrika Kusini, kisha kwa treni, kisha zikavutwa porini. Mkuu wao alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Jamaa akawa shujaa.

Juni 1916 akatumwa Kasanga. Jeshi la nchi kavu lilikuwa linaikaribia boma, na kazi yake ilikuwa kuziba njia ya maji. Alipofika aliona mizinga imeelekezwa ziwani. Akageuza boti, akarudi Kituta. Wajerumani wakapanda majahazi wakaondoka zao. Baadaye Spicer-Simson akaambiwa kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao.

Hebu fikiri: mtu aliyeshinda mara mbili kwa mizinga ya kweli anarudishwa nyuma na magogo! Silaha ya bandia haifanyi kazi mkononi mwa aliyeishika, inafanya kazi machoni mwa anayeitazama. Ndiyo maana polisi wa gatini ana haki ya kutocheka.

Sasa turudi kwenye kabati. Katika vita ile bastola ilikuwa silaha ya afisa. Askari Mwafrika alibeba bunduki, na wengi upande wa Wajerumani walianza vita na Mauser ya mwaka 1871, iliyotoa moshi mzito na kumfichua aliyefyatua. Mpagazi hakubeba bunduki wala bastola. Alibeba mzigo kichwani, na hawa ndio waliokuwa wengi kuliko wote. Kwa upande wa Uingereza pekee, makadirio ya wapagazi waliokufa yanakaribia 100,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina lao limebaki Kariakoo, pale Dar es Salaam, na wengi wetu tunalitamka tukienda kununua viatu.

Vita ile iliishia jirani yetu. Tarehe 25 Novemba 1918 Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha Abercorn, leo Mbala, Zambia, kusini tu mwa Ufipa. Vita vya pili vilipokuja, vijana wa Tanganyika wakaenda na Keya hadi Burma, na maafisa wao wakawa karibu wote Wazungu. Kwa hiyo ukipanga Luger na Webley kwenye rafu, hata ukizipata zote, umekusanya vita ya maafisa.

Siwakatazi wakusanyaji, kila mtu na hela yake. Ila siku tutakapotaka kuweka kumbukumbu pale Kasanga, tusiagize zinki ya Ulaya. Tumtafute fundi wa maboti hapa Kirando, anajua kulainisha gogo likawa duara. Atuchongee mzinga mmoja, uangalie ziwa. Na pembeni yake uwekwe mzigo wa kilo 25 umefungwa kwa kamba, kila mtoto wa shule anayefika ajitwishe na atembee nao mpaka majini.