Papasi na Sakafu ya Udongo

Kupe humngoja ng'ombe majanini. Papasi hukaa nyumbani mwa watu. Hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo, hutoka usiku kumfyonza damu aliyelala, kisha hurejea mafichoni. Homa ailetayo hupanda, hutulia siku kadhaa, halafu hurudi.

Wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma waliopeleka pembe za ndovu Bagamoyo walilala chini katika vibanda vya njiani, mahali walipolala wengine kabla yao. Mwaka 1905 Robert Koch aliviona vijidudu vya homa hiyo katika papasi wa njia za misafara, hata ndani ya mayai yao. Mwaka huohuo J. E. Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo nchini Kongo, alifariki huko Kasongo.

Misafara ilikwisha, lakini safari za kutafuta riziki hazikwisha. Dhahabu ya Geita, na almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940, zilivuta wageni wengi. Penye papasi, mgeni huugua sana kuliko mwenyeji, ambaye mwili wake umekwisha kuizoea homa kwa kiasi. Hata hivyo, wajawazito na watoto wachanga wa wenyeji nao wamo hatarini.

Wengi wameilaumu desturi ya kulala chini. Kitanda kilichotengwa na ukuta na sakafu ya saruji hupunguza hatari, lakini vyote hununuliwa. Basi amwambiaye mtu aache desturi hiyo, hana budi kwanza kumwuliza kama anacho kitanda.