Shule za Goma na Wazazi Waliozibeba

Dada yangu mdogo anatafuta nyumba ya kupanga, na wanawe wawili wako shule ya msingi. Makomisioneri, yaani madalali wa nyumba, wanamsifia maji, umeme na barabara. Mimi nimemwambia aanze na shule. Nimefundisha darasa la tatu katika mji huu wa Goma tangu enzi ya Zaire, na ninajua kwa nini shule mbili za umma, zenye programu moja, hazifanani.

Wakati wa Wabelgiji, masomo yalikuwa zaidi mikononi mwa misheni. Mwaka 1974 Mobutu alizitaifisha shule zao. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ikatia saini mkataba na makanisa, yakarudishiwa uendeshaji. Ndiyo sababu shule ya umma Goma inaweza kuwa ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbangu, ya Waislamu, au ya serikali yenyewe. Wazazi wa siku hizo waliuliza kwanza: shule ni ya nani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 swali lilibadilika. Mshahara wa serikali ulikuwa umekosa thamani, walimu tukagoma, na wazazi wakakubali kutulipa kutoka mifukoni mwao. Malipo hayo tuliyaita prime. Hapo ndipo kartiye, yaani mitaa ya mji, zilipoachana. Himbi, penye wafanyabiashara na wafanyakazi wa mashirika, prime ilikuwa kubwa na mwalimu mzuri alibaki. Majengo, penye mama wauza makaa, prime ilikuwa ndogo. Mwalimu alifundisha asubuhi, mchana akatafuta unga. Mtoto ambaye wazazi wake hawajalipa alirudishwa nyumbani. Nimefundisha mbele ya madawati yaliyoachwa wazi kwa sababu hiyo, na wengi waliokosekana walikuwa na akili safi.

Kisha mlima ukasema. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita kwenye uwanja wa ndege na katikati ya mji hadi ziwani, ikameza shule pamoja na nyumba. Shule zilizopona zilipokea watoto wa zile zilizozikwa, wengine asubuhi, wengine alasiri. Familia nyingi zilijenga upande wa magharibi, Keshero, Ndosho hadi Mugunga, na mara nyingi nyumba zilitangulia, shule zikafuata. Huko nako pana mabonde ya mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayotulia chini na kuua. Inamwahi mtoto kabla ya mtu mzima kwa kuwa mtoto ni mfupi. Kwa hiyo njia ya shuleni lazima ikaguliwe kwa miguu, pamoja na wenyeji.

Katiba ya 2006 iliahidi shule ya msingi ya bure. Ahadi ilianza kutekelezwa Septemba 2019, Rais Tshisekedi alipoondoa malipo ya wazazi. Nilifurahi na bado nafurahi: watoto waliorudishwa nyumbani waliingia. Lakini vyumba vilibaki vilevile, na walimu wengi walikuwa hawajaingizwa katika orodha ya mishahara, hawajamekanizwa. Vita vilivyorudi 2022 vikaleta familia za wakimbizi wa ndani Kanyaruchinya na Mugunga, na msongamano ukazidi.

Basi dada yangu nimempa maswali. Dawati moja linakaliwa na watoto wangapi? Walimu wangapi wamemekanizwa? Wangapi wa darasa la sita walifaulu mtihani wa taifa, na walioandikishwa walikuwa wangapi? Choo kina maji? Jina la dini lililoandikwa langoni halijibu hata moja kati ya hayo.

Na akishahamia, aende kwenye kikao cha komite ya wazazi, COPA, aulize hesabu za shule. Shule ya umma iliyosimama Goma kwa miaka thelathini iliyopita imesimama kwa nguvu za wazazi wake. Wenye uwezo wakizihama tu zile dhaifu kufuata kartiye nzuri, tutairudisha ile tofauti ya prime kwa kodi ya nyumba, na mtoto wa muuza makaa atalipa tena. Serikali inadaiwa vyumba na mishahara. Sisi wazazi tunadaiwa kukaa karibu na kudai.