Mawakili wa Kimataifa na Bomba la Eilat: Historia ya Mkataba Mmoja

Tunapojadili ubeberu katika madarasa yetu ya itikadi, kwanza hutajwa majeshi, halafu mabenki na makampuni makubwa. Wakili hatajwi. Yeye hana bunduki wala hamiliki kiwanda. Hukaa ofisini London, New York au Geneva akiandika karatasi kwa lugha ngumu. Lakini mtaji hauvuki mpaka wa nchi yoyote bila karatasi hizo. Wakili ndiye anayeshauri kampuni iandikishwe wapi, nani aonekane kuwa mwenye mali, sheria ya nchi gani itumike, na siku wabia wakigombana, shauri lao lisikilizwe na nani. Kada anayetaka kuuelewa uchumi wa dunia hana budi kuielewa kazi hiyo.

Makala haya yanachambua mfano mmoja wa historia: kazi ya kisheria iliyofanywa nje ya mipaka kwa ajili ya dola ya Israel na makampuni yake, na hasa mkataba wa bomba la mafuta kutoka Eilat hadi Ashkelon uliotiwa sahihi mwaka 1968. Mfano huu una faida ya pekee kwa mwanafunzi. Wabia waliouandika walikuwa marafiki wa siri. Baada ya miaka 11 tu wakawa maadui wa wazi. Urafiki ulikufa, serikali moja ikaangushwa, lakini mkataba ukabaki hai.

Chimbuko: Sheria ya London

Tabia ya kutumia sheria ya nchi nyingine haikuanza na bomba hili. Mwaka 1899 harakati ya Wazayuni iliandikisha benki yake ya kwanza, Jewish Colonial Trust, mjini London. Mwaka 1902 benki hiyo ikazaa kampuni tanzu, Anglo-Palestine Company, nayo pia ya London, ambayo mwaka uliofuata ilifungua ofisi Jaffa, wakati Palestina ikiwa chini ya dola ya Waturuki. Sababu haikuwa mapenzi kwa jiji la London. Kampuni iliyoandikishwa Uingereza ilikuwa na ulinzi wa sheria ya Kiingereza na heshima katika soko kubwa la fedha la wakati ule. Benki hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Bank Leumi.

Waingereza walipoitawala Palestina, Amri ya Baraza la Mfalme ya mwaka 1922 iliagiza kwamba pale ambapo sheria za nchi zilikuwa na pengo, mahakama zifuate sheria ya kawaida ya Kiingereza. Israel ilipoundwa mwaka 1948 ilirithi mfumo huo, na ni mwaka 1980 tu ndipo bunge lake lilipokata rasmi kamba hiyo. Sisi wa nchi zilizotawaliwa na Mwingereza tunalijua jambo hili kwa uzoefu wetu: bendera hubadilishwa usiku mmoja, vitabu vya sheria huchukua miongo.

Biashara ya Uwakili

Makampuni ya Israel yalipoanza kutafuta mtaji Marekani, mahitaji ya mawakili wa kigeni yaliongezeka. Mwaka 1972 kampuni ya vifaa vya hospitali iitwayo Elscint iliuza hisa zake katika soko la Nasdaq la Marekani, ikiwa ya kwanza kutoka Israel. Nyingi zilifuata, hata kampuni za Israel zikawa moja ya makundi makubwa ya kigeni katika soko hilo. Kila kampuni ya namna hiyo ililazimika kutii sheria za Marekani kuhusu hisa, na aliyeweza kuithibitishia utii huo alikuwa wakili wa Marekani. Nyingine ziliandikishwa moja kwa moja katika jimbo la Delaware, huku wahandisi wao wakifanya kazi Tel Aviv na Haifa.

Hata hivyo mawakili wa Israel walilinda soko lao. Kwa miaka mingi makampuni ya uwakili ya London na New York hayakuruhusiwa kufungua ofisi za kazi nchini humo. Wanasheria wao walikuja kwa ndege, wakakutana na wateja hotelini, wakaondoka. Ni mwaka 2012 tu ndipo mlango ulipofunguliwa, tena kwa sharti kwamba mgeni atoe ushauri juu ya sheria za kwao tu, asisimame katika mahakama za Israel. Hapa tunaona kwamba hata nchi iliyo karibu sana na mabepari wa Magharibi ilitambua kuwa uwakili ni sekta ya uchumi inayohitaji kulindwa.

Bomba la 1968

Sasa tuingie katika mfano wetu. Mwezi Juni 1967, vita vilipozuka, Mfereji wa Suez ulifungwa, nao haukufunguliwa hadi Juni 1975. Meli zilizotoka Mombasa, Dar es Salaam, Bombay na Ghuba ya Uajemi kwenda Ulaya zililazimika kuizunguka Afrika yote kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Gharama za uchukuzi zilipanda kila mahali.

Iran ya Shah ilikuwa na tatizo la zaidi. Mafuta yake yalitaifishwa mwaka 1951, lakini baada ya mapinduzi ya 1953 yaliyopangwa na Marekani na Uingereza, mkataba wa 1954 uliyarudisha mikononi mwa muungano wa makampuni ya Magharibi. Shirika la Taifa la Mafuta la Iran, NIOC, lilikuwa mmiliki kwa jina, huku wengine wakichimba na kuuza. Shirika hilo lilitaka njia yake lenyewe ya kufika katika soko la Ulaya. Israel, kwa upande wake, ilitaka mafuta na ilitaka ushuru wa kuyapitisha.

Hivyo likajengwa bomba lenye kipenyo cha inchi 42 na urefu wa kilomita 254, kutoka Eilat katika Ghuba ya Akaba hadi Ashkelon katika Bahari ya Kati. Meli zilishusha mafuta ghafi ya Iran upande mmoja, na nyingine zikayapakia upande wa pili kwenda Ulaya. Mali iligawanywa nusu kwa nusu kati ya pande mbili.

Vazi la Kampuni

Lakini Shah hakutaka kuonekana. Iran ilikuwa imeitambua Israel nusunusu tangu 1950, bila ubalozi wa wazi. Umoja wa Nchi za Kiarabu ulikuwa na orodha ya makampuni yaliyosusiwa kwa kufanya biashara na Israel. Mtawala wa nchi ya Kiislamu kumiliki nusu ya bomba katika ardhi ya Israel, mwaka mmoja baada ya vita vya 1967, lilikuwa jambo la hatari.

Dawa ilikuwa sheria. Kampuni ya biashara ya mafuta, Trans-Asiatic Oil, iliandikishwa Panama. Kampuni ya kushika hisa, APC Holdings, iliandikishwa Kanada. Kampuni ya kuendesha bomba ilikuwa ya Israel, na ilipewa haki hiyo kwa miaka 49. Mtu aliyesoma jina la Panama hakuiona Tehran. Aliyesoma jina la Kanada hakuiona Jerusalem. Serikali mbili zilivaa vazi la wafanyabiashara.

Tuzingatie kwamba hapakuwa na jambo lililovunja sheria katika mpango huu, na hapo ndipo penye somo. Sheria ya makampuni inairuhusu dola kujificha nyuma ya jina la kampuni, na inairuhusu kampuni kuwa raia wa nchi ambayo haijawahi kuuza hata pipa moja la mafuta yake.

Mkataba huo ulikuwa pia na kifungu kifupi juu ya migogoro. Kila upande uteue msuluhishi mmoja. Wasuluhishi hao wawili wakishindwa kumpata wa tatu, Rais wa Chemba ya Biashara ya Kimataifa, yenye makao yake Paris, amteue. Mji ambamo usuluhishi ungefanyika haukutajwa. Wakati wa kutia sahihi, pengine hakuna aliyekipa uzito kifungu hicho.

Mapinduzi Yaja, Mkataba Wabaki

Mwezi Februari 1979 utawala wa Shah uliangushwa na umma wa Iran. Serikali mpya ilivunja uhusiano na Israel na mafuta yakakatwa. Israel iliendelea kuliendesha bomba peke yake.

Mwanafunzi angetazamia kwamba serikali ya mapinduzi ingeuchana mkataba wa Shah kama karatasi ya aibu. Haikufanya hivyo. Ilitambua kwamba ndani ya mkataba ule kulikuwa na mali ya taifa la Iran: nusu ya bomba, na deni la mafuta yaliyokwisha kupelekwa. Kwa hiyo NIOC, shirika la dola isiyoitambua Israel, lilidai haki zake kwa mkataba uliofanywa na Israel.

Mwaka 1994 shirika hilo lilidai usuluhishi. Serikali ya Israel ilikataa kuteua msuluhishi wake. Hesabu ya wanasheria ilikuwa rahisi: pasipo msuluhishi wa pili hapawezi kuwa na kutoelewana juu ya wa tatu, na Paris haiwezi kuombwa chochote. NIOC halikuweza kwenda katika mahakama za Israel, kwa sababu kwa sheria za huko Iran ni adui. Ilionekana kana kwamba mlango umefungwa kwa makufuli mawili.

Paris na Lausanne

Mawakili wa NIOC walikwenda katika mahakama za Ufaransa. Mara ya kwanza walishindwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ya Paris iliwakubalia, ikamteua msuluhishi kwa niaba ya Israel. Tarehe 1 Februari 2005 mahakama ya juu ya Ufaransa iliukubali uamuzi huo. Hoja yake yafaa kukumbukwa. Mtu kushindwa kabisa kumfikia mwamuzi ni kunyimwa haki, na kwa kuwa mkataba ulimtaja rais wa chombo chenye makao Paris, kulikuwa na uhusiano na Ufaransa wa kutosha kuiruhusu mahakama kuingilia kati. Yaani kufuli la Israel lenyewe ndilo lililofungua mlango wa Paris, na kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya marafiki kikamfaa adui.

Uswisi nako kulikuwa na shauri jingine lililotokana na ubia uleule. Wasuluhishi waliamua kwamba upande wa Israel uilipe NIOC kiasi cha dola bilioni 1.1 pamoja na riba. Rufaa ilipelekwa katika Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi mjini Lausanne, ikatupwa tarehe 27 Juni 2016.

Je, Israel ilijibu nini? Mwaka 2015 Wizara yake ya Fedha ilisema kuwa Sheria ya Kukataza Biashara na Adui haimruhusu mtu kumpelekea adui fedha, na NIOC ni adui. Sheria hiyo ni ya mwaka 1939. Iliandikwa na Mwingereza wakati akiitawala Palestina, kwa ajili ya vita vyake na Ujerumani. Dola iliyotumia Panama na Kanada kufanya biashara sasa ilijikinga kwa sheria ya mkoloni ili isilipe.

Hapa ndipo ulipo mpaka wa nguvu za wakili. Anaweza kushinda katika kila mahakama, lakini hukumu hukusanya fedha pale tu ambapo dola inakubali au kunapopatikana mali ya kukamatwa. Wakati huohuo, miaka yote ya kesi ni miaka ya malipo kwa mawakili, ashinde nani, ashindwe nani.

Nani Hakuusoma Mkataba?

Kwa miongo mingi mambo ya kampuni ya bomba yalikuwa siri kwa amri ya serikali ya Israel, na kuyatangaza lilikuwa kosa la jinai. Siri iliyowekwa kumficha Shah iliendelea zaidi ya miaka 30 baada ya Shah kufa. Mwezi Desemba 2014 bomba lilipasuka kaskazini ya Eilat, na lita milioni kadhaa za mafuta ghafi zikamwagika katika hifadhi ya jangwani ya Evrona. Hapo ndipo wananchi wengi wa Israel walipoanza kuuliza: kampuni hii ni ya nani, na inawajibika kwa nani? Haki ya miaka 49 ilipokwisha mwaka 2017, kampuni mpya ya serikali iliundwa kuendeleza kazi. Mwaka 2020 ilifanya makubaliano ya kupitisha mafuta ya Ghuba kwa ajili ya wabia wa Falme za Kiarabu. Watetezi wa mazingira, wakihofia matumbawe ya Eilat, walipeleka malalamiko mahakamani mwaka 2021. Safari hii pia mapatano yalitiwa sahihi kwanza, wananchi wakajua baadaye.

Mfanyakazi wa Iran aliyechimba mafuta hakuuona mkataba wa 1968. Mkazi wa Eilat anayeishi kando ya matangi hakuuona. Waliousoma ni mawaziri wachache, wakurugenzi wachache na wanasheria wao.

Mafunzo

Tunaweza kutoa mafunzo matatu. Kwanza, mkataba hauna itikadi. Aliyeusoma vizuri zaidi ndiye utakayemtumikia, hata kama aliyeuandika alikuwa adui wa matakwa yake. Serikali ya wananchi inaporithi mikataba mibaya, isiitupe kabla ya kuisoma yote. Huenda ndani yake mna mali ya umma.

Pili, kifungu cha migogoro ndicho kifungu cha utawala. Nchi inaweza kuwa na bendera, wimbo wa taifa na bunge, na bado ikawa imeyakabidhi mamlaka ya kuamua juu ya mali yake kwa mistari minne iliyo mwishoni mwa mkataba, mistari ambayo viongozi hawakuisoma kwa kuwa siku ya kutia sahihi wote walikuwa wakicheka.

Tatu, siri ya mkataba hailindi taifa. Humlinda aliyetia sahihi.

Kada hahitaji kuwa wakili. Lakini anahitaji ujasiri wa kuuomba mkataba, kukaa nao usiku kucha, na kuuliza maswali manne: kampuni hii imeandikishwa wapi, nani mwenye hisa, sheria ipi inatumika, na nani ataamua tukigombana? Mwenye kuyauliza kabla ya sahihi huulinda umma. Anayeyauliza baadaye huwalipa mawakili.