Mazuku: kuchagua mahali pa kulala inje kati ya Sake, Goma na Nyiragongo

Mutu anayetoka Bukavu kwa gari kuelekea Goma anafika Sake akiwa amechoka. Nyuma yake amekwisha kupita Kavumu, Kalehe, Nyabibwe na Minova, na ziwa Kivu limekuwa upande wa kuume karibu safari yote. Kutoka Sake kufika Goma zinabaki karibu kilometa 25, juu ya mawe meusi ya lava. Kama gari imekufa, ama giza imeingia, anatafuta mahali pa kulaza mwili: palipo na majani laini, pasipo upepo, chini kidogo ya barabara ili taa za malori zisimusumbue. Vijana wa kwaya na skuti wanaokwenda kupiga hema kando ya ziwa wanatafuta vilevile.

Shida iko hapo. Katika sehemu hii, shimo dogo lenye majani mabichi katikati ya lava linaweza kuwa na mazuku.

Mazuku ni jina la huku kwetu ambalo watafiti wa inchi nyingi wamelichukua namna lilivyo. Mara nyingi wanalifasiri kuwa upepo mubaya. Lakini si upepo, na kukosekana kwa upepo ndiko kunakoipa nguvu. Ni gazi kaboniki inayotoka chini ya udongo, kwenye nyufa za eneo la volkano, na kupanda polepole kupitia mawe. Gazi hiyo iko nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo haipande juu kama moshi. Inateremka kama maji, inajaza mabonde madogo, mashimo, mitaro na hata misingi ya nyumba iliyochimbwa, kisha inatulia mule.

Haina rangi. Haina harufu. Katika hewa ya kawaida gazi kaboniki haifiki hata sehemu moja kwa elfu. Ikipita sehemu 10 kwa mia, mutu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache na kufa. Ndani ya mazuku inaweza kupita hapo mbali sana, na hapo mutu anaanguka baada ya kupumua mara chache tu, bila nafasi ya kuita. Ikiwa kidogo, inaanza na kichwa kuuma, moyo kupiga mbio na pumzi kuwa ya haraka. Mutu aliyelala anaweza asijue lolote kati ya hayo.

Kinachodanganya wengi ni saa. Mchana jua linapasha udongo, upepo wa ziwa unapiga, gazi inatawanyika. Mutu anapita, anakula chakula chake pale, anaona ni pazuri, anaamua kurudi magaribi na hema. Usiku baridi inashuka, upepo unakufa, na gazi inajikusanya tena mpaka alfajiri. Shimo la saa nane mchana na shimo la saa kumi ya usiku si shimo moja.

Kinachodanganya tena ni urefu. Gazi inaweza kufika magotini mwa mutu muzima, naye anatembea bila shida, huku mutoto wa miaka miwili, mbuzi ama imbwa aliye kando yake anakufa. Mutu muzima naye, akilala chini, amejishusha mwenyewe. Hema halizuie kitu, na gari iliyoegeshwa bondeni haizuie vilevile.

Wenyeji wa Mugunga, Bulengo na kandokando ya Lac Vert wanajua mashimo yao. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kufungua mizigo, ni kuuliza mwenye shamba ama chefu wa kijiji, si mupita njia. Mahali pengine kuna vibao, lakini kibao kinaweza kuanguka ama kuibiwa kwa ajili ya kuni. Alama nyingine ni wanyama: mijusi, ndege ama wadudu waliokufa bila kidonda. Kukiwa hivyo, inafaa kuondoka, si kuchunguza.

Kuna watu wanaopima kwa mushumaa ama kiberiti. Ni kweli kwamba moto unazimika ndani ya gazi hiyo. Lakini moto unaweza kuendelea kuwaka wakati gazi imekwisha kuwa mbaya kwa mutu, na mwenye kuinama na kiberiti ameweka pua yake palepale. Kuchagua mahali pa juu, penye mteremko na upepo, hata kama mawe yanachoma mugongo, kunafaa kuliko kiberiti.

Mwenzako akianguka ndani ya shimo, usishuke kumubeba. Ni neno gumu, na ndilo linalovunjwa zaidi, juu kila mutu anamufuata ndugu yake. Anayeshuka anapumua kwa nguvu kwa sababu anakimbia na kubeba, naye anaanguka juu ya wa kwanza. Kamba, ndoano ya muti mrefu, watu wa kuvuta kutoka juu: hiyo ndiyo njia iliyopo.

Ziwa lenyewe lina gazi nyingine nyingi, kaboniki na metani, zilizoyeyuka chini kabisa na kubanwa na uzito wa maji. Hiyo si mazuku, ingawa watu wanachanganya. Ila kwenye vighuba vidogo vyenye kuta za mawe, mazuku inaweza kutanda juu ya maji asubuhi mapema, na muogaji anapumua palepale inapolala.

Juu ya Nyiragongo, kwenye metre 3.470, hatari inageuka. Wapandaji walikuwa wanaanza Kibati pamoja na magardi wa parki ya Virunga, wakitembea saa nne mpaka sita na kulala kwenye vibanda vya ukingoni. Parki imefunga njia ya wageni zaidi ya mara moja, kama mwaka 2018 na 2020, kwa hiyo habari inatafutwa kwanza. Kule baridi inakaribia sifuri, na wengine wanashawishika kuingiza mbabula ya makala ndani ya banda ama hema. Makala yanayowaka mahali palipofungwa yanatoa gazi nyingine, nayo inaua bila harufu. Nguo kavu na mablanketi ndiyo dawa ya baridi; mbabula inabaki inje.

Haya yote hayahusu watalii peke yao. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi aliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Maelfu ya watu walikwenda Sake kwa miguu, na wengi walilala inje. Familia zilizokimbia vita nazo ziliishi miaka mingi Mugunga na Bulengo, kwenye hema zilizosimamishwa juu ya lava ileile. Wao hawakuchagua mahali. Lakini hata ndani ya kambi iliyojaa, wazazi wanaweza kuangalia upande gani udongo unateremka, na kumulaza mutoto upande wa juu.